Chui Asiye na Mkia

Mtaa mzima ulimwita Bi Tulia, na si kwa sababu alikuwa mtulivu. Alikuwa na ulimi unaowasha na macho yasiyokosa kitu. Jina lilitokana na neno alilolisema kila siku ya kazi yake akiwa nyuma ya kamera, kwa sauti ya mtu anayemwogesha mtoto mkorofi: "Tulia." Aliyetulia alipata picha yake. Asiyetulia aliambiwa aende zake, arudi siku atakayokuwa ameamua.

Alikuwa mpiga picha za vitambulisho. Chumba cha mbele cha nyumba yake kilikuwa studio tangu enzi za mumewe. Ukutani palitandikwa kitambaa cheupe, mbele yake stuli ya mbao, huku na huku taa mbili zenye miavuli. Pembeni palikuwa na kioo chenye chanuo lililofungwa kwa kamba, maana machanuo yaliyotangulia yaliondoka na wateja. Na nyuma ya mlango lilining'inia koti jeusi la kuazima, ambalo nusu ya wanaume wa mtaa walishawahi kulivaa. Koti hilo lilikuwa limechanwa mgongoni makusudi ili mnene apate kuingia. Mwembamba alibanwa kwa nyuma na vibanio vya nguo. Kwa mbele wote walitoka mabwana wa maana, na cha nyuma kilibaki siri ya studio.

Sakafuni palikuwa na utepe mwekundu. Hapo ndipo iliposimama miguu mitatu ya kamera, na haikusogezwa hata siku moja. Kutoka kwenye utepe ule, mtu aliyekaa kwenye stuli aliingia kichwa na mabega, hakuzidi wala hakupungua. Wakija watu wanaotaka picha nzima, na viatu vipya vionekane, Bi Tulia aliwakatalia. Alikuwa akisema kwamba kutoka mabegani kushuka chini ni mambo ya mtu na familia yake.

Msaidizi wake alikuwa Wifi, dada wa marehemu mumewe, aliyekaa chumba cha nyuma. Wifi ndiye aliyewachana wateja nywele, akawabana koti, akawapigisha soga wakisubiri. Alikuwa na kipaji cha kusimulia jambo ambalo halikutokea, na kila aliporudia, lilinenepa. Wawili hao waliishi kwa kuchokozana toka asubuhi mpaka jioni, na siku mmoja akiumwa mwingine hakula.

Basi biashara ikaanza kudorora. Ofisi zikanunua kamera zao wenyewe. Siku hizi unakaa mbele ya karani, anakubonyezea kitu bila hata kukuangalia, unatoka kwenye kitambulisho kama mtu aliyekamatwa. Na wenye simu wakajiona wapiga picha wote. Stuli ikakaa mpaka ikaota vumbi. Bi Tulia hakulalamika, ila alianza kuwapigia kelele watangazaji wa redioni, na Wifi akajua kwamba mambo si mazuri.

Wanyama ndio waliomrudishia kazi.

Nyuma ya nyumba palikuwa na ua mdogo: kamba ya kuanikia, karo la kufulia, bafu la nje na ukuta mfupi. Ng'ambo ya ukuta kulikuwa na kichaka kinene kilichoshuka mpaka mtaroni, kisicho na mwenyewe. Asubuhi moja Bi Tulia alikuta tumbili amekaa juu ya karo, anajikuna tumbo kwa raha zake. Mwingine angemrushia ndala. Bi Tulia alirudi ndani kimyakimya, akachukua kamera na shuka jeupe, akaanika shuka kwenye kamba nyuma ya karo, akachuchumaa. Tumbili akatoa meno yote nje. Bi Tulia akamwambia kwamba picha ya kucheka haikubaliki popote, akamngoja mpaka afunge mdomo. Hakufunga. Akamkatalia kama alivyowakatalia wengine.

Baada ya hapo hakuna mnyama aliyekatiza ua ule akasalimika. Kalunguyeye alijikunja kila alipoonyeshwa kamera, mpaka Bi Tulia akamwita jeuri asiyetaka kujulikana. Ndege walimchosha kwa kugeuza shingo. Aliyempendeza kuliko wote alikuwa kenge, mjusi mkubwa aliyetoka mtaroni kila asubuhi kuja kuota jua kwenye saruji ya karo. Kenge alikaa wima, kidevu kimejiinua chenyewe, hapepesi macho. Bi Tulia alisema tangu aanze kazi hajapata mteja mwenye adabu kama yule.

Sasa ujue kwamba dirisha la mbele la studio lilikuwa na heshima yake. Humo Bi Tulia aliweka picha za wale waliokaa vizuri kuliko wote, na watu walipita kutazama nani yumo na nani katolewa. Siku moja mtaa uliamka ukamkuta kenge dirishani, kapigwa kichwa na mabega mbele ya shuka jeupe, katikati ya Mwenyekiti wa mtaa na muuza nyama. Fundi viatu, aliyekuwa na kibanda ng'ambo ya barabara, alicheka mpaka misumari ikamtoka mdomoni. Tatizo halikuwa kenge. Tatizo lilikuwa kwamba ukimtazama kenge kisha ukamtazama Mwenyekiti, ile shingo, na yale macho mazito, ulilazimika kutazama tena.

Mwenyekiti alikuja na fimbo yake kuuliza kisa na maana. Bi Tulia alimjibu kwa upole kwamba anapanga kwa ubora wa ukaaji, na kwa kweli kenge kakaa vizuri kuliko wote. Mwenyekiti akaomba ahamishwe. Bi Tulia akatii mara moja: akamhamishia kenge upande wa pili, akawa sasa yuko kati ya Mwenyekiti na mkewe.

Ndipo akaja kanu.

Bi Tulia alikuwa ameipaka stuli vanishi na kuitoa uani ikauke. Jioni, jua likiwa bado limeshika ukuta, alichungulia dirisha la jikoni akaona mtu keshakaa. Kanu ni mnyama mdogo, umbo la paka mwembamba, ana madoa kuanzia mabegani na mkia mrefu wa pete nyeusi na nyeupe. Huyu alikuwa amejikalisha katikati ya stuli, kifua mbele, masikio yote mawili yanaonekana, anatazama moja kwa moja jikoni kama aliyeitwa jina. Shuka lilikuwa kambani. Bi Tulia aliweka kamera kwenye kizingiti cha dirisha, akavuta kioo cha kamera mpaka pale alipozoea, kichwa na mabega, akanong'ona, "Tulia." Kanu akatulia. Mkia wake ulikuwa umening'inia nyuma ya stuli, nje ya picha, nao kwa Bi Tulia ulikuwa mambo ya kanu na familia yake.

Asubuhi aliibandika dirishani, kubwa, peke yake. Kabla chai haijapoa kulikuwa na watu mbele ya kioo. Fundi viatu ndiye aliyetamka neno kwanza, akalitamka polepole: chui. Wengine wakaitikia. Si fundi wala mwingine yeyote pale aliyewahi kumwona chui ila kwenye blanketi, na kwenye blanketi naye huwa hivyo hivyo, kichwa na mabega na madoa.

Bi Tulia alitoka kuwaambia kwamba ni kanu. Kinywa alishakifungua. Hapo akatokea mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni, akauliza kwa heshima kama angeweza kupigwa picha kwenye stuli ileile aliyokalia chui. Bi Tulia alimtazama, akaitazama stuli yake iliyokaa bure kwa muda mrefu, akafunga kinywa. Akamkaribisha ndani.

Tusimsingizie, hakusema uongo. Hakuna siku aliyotamka kwamba yule ni chui. Alinyamaza tu, na alinyamaza kwa furaha. Watu walikuja kutoka mitaa ya mbali kupigwa picha na mwanamke aliyemwambia chui atulie naye akatulia. Waliokaa miaka bila kuvaa koti la kuazima walilivaa tena. Bi Tulia alirudi kuwa mwenyewe: anakemea videvu, anafukuza wanaocheka, redio ikapumzika.

Wifi ndiye aliyesema, tena kwa niaba ya wote wawili. Mteja wa kwanza aliambiwa kwamba Wifi ameona nyayo. Wa pili aliambiwa amemsikia akikohoa nyuma ya bafu. Mpaka wiki inakatika, Wifi alikuwa amekutana naye uso kwa uso penye karo, mnyama mkubwa kuliko ndama, wakatazamana, na chui ndiye aliyeona aibu akaondoka. Bi Tulia alimsikia kutoka nyuma ya kamera na mabega yakamtikisika kwa kicheko.

Mwenyekiti hakucheka. Alikuja mchana mmoja, safari hii pamoja na muuza nyama, wakakaa kwenye benchi la wateja bila kuvua kofia. Alieleza kwamba ameshatangaza kwa kipaza sauti. Kesho jioni muuza nyama atatandaza nyama yenye sumu ng'ambo ya ukuta, kuanzia nyuma ya bafu mpaka mtaroni. Mnyama akishakufa, kichaka kitachomwa moto, maana palipolala chui mmoja atakuja mwingine. Alisema hivyo akimtazama kenge wa dirishani, na ilionekana wazi kwamba moto ule alikuwa amempangia na yeye.

Kicheko kilimwisha Bi Tulia palepale.

"Mwenyekiti, huyu si chui," alisema. "Ni kanu. Akisimama hafiki hata goti langu."

"Mama, mimi nina macho," Mwenyekiti alijibu. "Picha umepiga mwenyewe. Umeiweka dirishani mwenyewe. Wiki nzima unakalisha watu kwenye stuli ya chui. Leo tumesema tumuue, ndiyo anakuwa kanu?"

Muuza nyama naye akaongeza kwamba Wifi wake mwenyewe alimpima kwa macho, ni mkubwa kuliko ndama, labda aitwe aulizwe. Wifi aliitwa. Alisimama mlangoni na vibanio mkononi, akamtazama Mwenyekiti, akamtazama muuza nyama, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe akakosa la kusema. Wageni wakachukulia kwamba amekubali. Waliondoka wakiwasihi wanawake hao wasitoke nje kesho jioni, kwa usalama wao.

Mlango ulipofungwa Bi Tulia alimgeukia wifi yake na maneno yote aliyokosa kumwambia Mwenyekiti. Ndama, alimwambia. Ungeshindwa nini kusema mbuzi. Nenda sasa hivi ukawaambie ulikuwa unapiga porojo. Alisema mengi, na mengine alikuwa anajisema mwenyewe. Wifi alikaa kwenye stuli, mahali ambapo hakuwa amekaa tangu siku ya kitambulisho chake, akajifuta macho kwa upindo wa nguo.

"Watamuua Kaka," alisema.

Bi Tulia aliogopa. Kaka wa Wifi alikuwa ni mmoja tu, naye ndiye mumewe, na alikuwa amezikwa zamani. Alidhani kichwa cha wifi yake kimeyumba. Ilibidi Wifi aeleze. Kanu yule si mgeni, alianza kuja tangu mvua za mwaka jana. Kila jioni Bi Tulia akiwa anafunga studio, Wifi humpasulia yai kwenye kisosi, anamwekea kwenye ngazi ya jikoni, wanakaa wote wawili. Amemwita Kaka kwa sababu anakula bila kusema kitu, anakutazama kidogo, halafu anaondoka bila kuaga, na hivyo hasa ndivyo alivyokuwa kaka yake. Na ule ukubwa wa ndama aliuongeza kwa makusudi. Alidhani watu wakiogopa watakaa mbali na kichaka, naye Kaka atabaki na amani yake.

"Kumbe mayai," alisema Bi Tulia. Mwaka mzima mayai yalikuwa yakipungua jikoni, naye alikuwa anamshuku kenge.

Kisha alimwelewa, na alipomwelewa aliona aibu, maana wifi yake alidanganya kwa kumpenda mnyama na yeye alinyamaza kwa kupenda stuli yake ipate mtu. Wote wawili walikuwa wamempikia kanu chungu kimoja. Sasa kilichobaki ni picha. Picha ndiyo iliyomfanya chui, na picha ndiyo ingemrudisha kuwa kanu. Lakini lazima iwe picha nzima, yenye mkia, na pembeni kuwe na kitu ambacho mtaa mzima unajua ukubwa wake.

Bi Tulia alifikiria ndoo. Akafikiria ufagio. Lakini ndoo huwa ndogo na kubwa, na Mwenyekiti asingeshindwa kusema kwamba hiyo ni ndoo ya namna yake. Kitu pekee ambacho hakuna mtu mtaani angeweza kubishia ukubwa wake kilikuwa kimekaa mbele yake kwenye stuli kinafuta macho.

Wifi alikataa katakata. Kwanza yeye hapigwi picha. Amewachana wengine maisha yake yote na hajawahi kukaa mbele ya kamera ile ila siku ya kitambulisho. Pili, ndiye aliyesema ndama. Picha ile ikitoka, mtaa mzima utamcheka mpaka kaburini. Bi Tulia alimwambia achague kati ya kuchekwa na kumzika Kaka mara ya pili. Lilikuwa neno zito, na alijuta kidogo kulitoa, lakini Wifi aliinuka akaenda kutafuta yai.

Jioni ilipoingia waliondoa shuka kambani. Wifi alikaa kwenye ngazi ya jikoni, kisosi karibu na miguu. Alivua ndala, kwa sababu Kaka hapendi mlio wake. Bi Tulia alirudisha kioo cha kamera mpaka mwisho wake, akasimama umbali aliouzoea, akachungulia, akapata kichwa na mabega. Akarudi nyuma, akapata kifua. Akarudi tena, mgongo ukagonga karo, akalizunguka. Kila hatua aliyorudi ilimuuma, maana mkono wake ulikuwa unataka kusonga mbele. Mwisho aliingia ndani ya bafu la nje kinyumenyume, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mlango wazi, bomba likimdondoshea maji begani. Huko ndiko Wifi alikoenea, toka nywele mpaka vidole vya miguu.

Kanu alikuja kwa kutembea juu ya ukuta. Alishuka, akasimama, akaliangalia bafu kwa muda uliomtosha Bi Tulia kujuta dhambi zake. Kisha akaenda moja kwa moja kwa Wifi, akaweka mguu mmoja wa mbele juu ya mguu wake mtupu, akaanza kulamba yai. Mkia ulilala nyuma yake sakafuni, pete kwa pete, mrefu kama yeye mwenyewe. Mwili wake wote ulikuwa hauzidi mguu wa Wifi kutoka gotini.

"Tulia," alinong'ona Bi Tulia. Na Wifi, ambaye miaka yote hakuwahi kutulia hata akiwa amelala, akatulia.

Walichapisha picha jioni ileile. Ilipotoka kwenye mashine Bi Tulia aliichukua, akaitia kwenye kikatio cha karatasi, akashika mpini. Hakuwa amefikiri. Mkono ndio uliozoea, picha ikitoka inakatwa chini ya mabega.

"Wifi, usinikate," alisema Wifi nyuma yake.

Bi Tulia aliinua mkono. Akaitazama picha ili aone alikuwa anataka kukata wapi, na kisu kilikuwa juu ya miguu ya Wifi. Alikuwa ameishi na miguu ile nyumba moja na hakuwahi kuiangalia. Kidole cha pili kilikuwa kirefu kuliko kidole gumba na kimempandia jirani yake kidogo, kushoto na kulia. Wayo mpana, kifundo kimechongoka kwa nje. Alijua miguu ile. Ilikuwa miguu ya mumewe.

Ya mumewe alikuwa na picha moja tu, ipo ukutani pale studio. Aliipiga mwenyewe, akamvalisha koti la kuazima, akambana kwa vibanio kwa sababu alikuwa mwembamba, akakata kwa mkono wake. Kichwa na mabega. Kuna siku alikaa mbele ya picha ile akijaribu kukumbuka alivyosimama, mikono aliiweka wapi, alitembeaje kutoka bafuni na taulo, na kila alipofika mabegani picha iliisha. Alikuwa ameshakubali kwamba vilivyobaki vimepotea. Sasa viko hapa, mikononi mwake, kanu amevikanyaga. Bi Tulia alilia, si kidogo, na Wifi ambaye hakujua kinachoendelea alidhani ametoka vibaya sana.

Asubuhi Bi Tulia alikwenda nyumbani kwa Mwenyekiti kabla muuza nyama hajafungua bucha. Mwenyekiti aliishika picha muda mrefu. Aliutazama mkia. Aliweka kidole kwenye mguu wa Wifi, akakiweka kwenye kanu, akarudia. Mtu asiyemjua Wifi angeweza kubisha, lakini Mwenyekiti alimjua, tena alishawahi kumpisha kwenye benchi. Aliirudisha picha polepole na uso wake ukawa wa mtu aliyepanda juu ya paa akaondolewa ngazi. Ameshatangaza kwa kipaza sauti, alisema. Ameshawaambia hata wakubwa. Sasa atatangaza nini, kwamba uongozi ulijiandaa kupigana na paka?

Bi Tulia alikuwa amekuja na jibu, alilipika njiani.

"Mwenyekiti, hii picha yenye mkia haitaingia dirishani. Chui alikuwepo, kila mtu alimwona. Wewe tangaza tu kwamba ameondolewa."

"Ameondolewa na nani?"

"Na nani tena, Mwenyekiti? Si ndiyo kazi ya uongozi?"

Mwenyekiti alikohoa. Alikohoa tena, kwa sauti yake ya kwenye mikutano, na Bi Tulia akajua kwamba mambo yamekwisha. Kabla ya adhuhuri kipaza sauti kilipita kikitangaza kwamba chui ameondolewa salama kwa juhudi za uongozi wa mtaa, hakuna haja ya sumu, na kichaka kisiguswe wala kuchomwa, kwa sababu za kiusalama ambazo hazitatajwa. Muuza nyama alizika nyama yake huku ananung'unika. Mtaa mzima ulipiga makofi. Fundi viatu alipiga makofi kuliko wote, huku anamkonyeza Wifi, maana Wifi alishamwonyesha picha akimlisha kiapo kwamba hatasema, na alishawaonyesha wengine wengi kwa kiapo hichohicho. Kila mtu alijua, na hakuna aliyetaka kumharibia Mwenyekiti siku yake.

Picha yenyewe Bi Tulia aliitundika ukutani studio, chini tu ya ile ya mumewe, mabega juu na ngazi ya jikoni chini. Alisimama mbali akazitazama zote mbili kwa pamoja. Wifi alisogea, akainamisha kichwa upande mmoja, akasema sawa, lakini umemvalisha kaka yangu gauni. Walicheka mpaka Bi Tulia akakaa sakafuni.

Na alipokuwa amekaa palepale sakafuni, aliuona utepe mwekundu. Alitia ukucha akaubandua. Ulikuwa umegandamana na saruji na ulitoka kwa shida, ukaacha alama. Akaurudisha nyuma, akapita benchi la wateja, akaenda kuubandika mwisho kabisa wa chumba, chini ya ukuta.

Mteja wa kwanza baada ya hapo alikuwa Mwenyekiti. Alikuja na suti yake mwenyewe, akitaka picha ya kumbukumbu kama kiongozi aliyemwondoa chui, iwekwe dirishani, mbali na kenge ikiwezekana. Wifi alimchana. Alikaa kwenye stuli, akaona kamera iko mbali kweli kweli, akauliza kama kuna tatizo. Bi Tulia alisema hakuna. Alichungulia, akarekebisha kidogo, akachungulia tena.

"Tulia," alimwambia. "Kidevu juu. Masikio nayaona yote mawili. Haya, sasa vua viatu."